Kozi ya kuuza mtandaoni ya shilingi 65,000: nani alipe, nani aache

Shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, anauza viatu vya mitumba sokoni Kibuye, hapa Kisumu. Ana meza mbili zilizounganishwa na mwavuli mmoja, na Jumapili anatandika turubai chini kwa sababu siku hiyo soko hufurika hadi barabarani. Jioni moja mwezi wa pili alinipigia simu nipitie kwake Manyatta, ana jambo. Nilidhani ni karo ya watoto. Kumbe ameshika simu, ukurasa uko wazi, na juu yake kuna saa nyekundu inayohesabu kurudi nyuma: dakika arobaini na kitu, sekunde zinakimbia. Chini yake imeandikwa "Zimesalia nafasi 4." Kozi ya kuuza mtandaoni, wiki nane, bei shilingi 120,000 iliyokatwa hadi 65,000 kwa atakayelipa kabla ya saa kufika sufuri.

"Shemeji, nilipe?"

Nilimwomba kitu kimoja tu, tuiache ile saa ifike sufuri. Tukanywa chai. Sufuri ilipofika, ukurasa ulibaki vilevile na kitufe cha kulipia kikabaki palepale. Nikaufungua ukurasa huohuo kwa simu yangu: saa ikaanza upya, saa 24 kamili, na nafasi bado ni nne. Ile saa haihesabu nafasi za mtu yeyote. Imetengenezwa ianze kila simu mpya inapoingia.

Hata hivyo sikumwambia asilipe. Saa ya uongo inakuonyesha tabia za muuzaji, haikuonyeshi kama mafundisho yaliyo ndani ni mabovu. Mimi mwenyewe nililipa kozi ya aina hiyo mwaka 2021 na sikutoka mikono mitupu. Rafiki yangu wa Nakuru alilipa nyingine, ya bei inayokaribia hiyo, na ikamrudishia pesa zake. Kwa hiyo tulikaa na shemeji usiku ule na nyingine mbili zilizofuata, tukaziweka njia zote za kujifunza kazi hii kando kwa kando.

Gawanya ada kwa faida ya kitu kimoja

Kabla ya kutazama kilichomo kwenye kozi, tulianza na viatu vyenyewe. Shemeji akitoa bei ya mzigo, ushuru wa soko, kuosha na fundi wa kushona, jozi moja inambakishia kama shilingi 250. Elfu 65 ukigawanya kwa 250 unapata jozi 260. Na si zile jozi anazouza tayari. Ni jozi 260 za ziada, ambazo bila kozi zisingetoka mezani. Wiki nzuri anauza jozi 40. Maana yake kozi inamtaka atafute wiki sita na nusu ambazo hazimo kwenye kalenda, ndipo arudi alipoanzia. Faida inaanza kuhesabiwa kwenye jozi ya 261.

Rafiki yangu wa Nakuru anafunga mitambo ya kuchemshia maji kwa jua, mjini na huko Njoro na Naivasha. Mtambo mmoja ukishafungwa unambakishia kama 9,000. Kwa ada ileile ya elfu 65 angehitaji kufunga mitambo minane tu. Kozi ni moja na bei ni moja, lakini mmoja anatafuta wateja 260 na mwingine wanane.

Kuna tofauti nyingine ambayo kozi hizi haziigusi kabisa. Mtambo wa jua ni uleule leo na mwezi ujao. Tangazo moja zuri linaweza kufanya kazi miezi mitatu. Kiatu cha mtumba ni kimoja tu duniani. Ukikitangaza kile cha ngozi ya kahawia namba 40, mteja wa kwanza anakichukua, na wengine kumi na tisa wanakuja kuuliza kitu ambacho hakipo, kila mmoja amekugharimu. Mwenye mitumba anatangaza meza yake, siku anayofungua mzigo, na namba yake ya WhatsApp ili watu waone picha mpya kila asubuhi. Hiyo ni kazi tofauti na ile inayofundishwa kwa mfano wa mtu anayeuza bidhaa moja yenye shehena ghalani.

Halafu kuna pesa ya kutangazia. Shemeji alikuwa na 70,000 kwenye chama chake, akiba ya miezi kumi na nne. Akilipa 65,000 anabaki na elfu tano za kuendeshea mafunzo yote aliyonunua. Ni kama mvuvi wa Dunga kununua nyavu mpya kwa pesa zote halafu akose petroli ya mashine ya mtumbwi. Ada ya kozi haikununulii tangazo hata moja.

Nilichokuta ndani ya kozi yangu

Mimi nauza mapazia na vyuma vyake. Mwaka 2021 biashara ilikuwa imelala kwa ajili ya korona, nikaona tangazo, nikalipa 42,000. Aliyeniuzia sitamtaja. Video zilikuwa 61. Kumi na moja za kwanza zilihusu fikra za kitajiri: amka saa kumi alfajiri, andika malengo, jitenge na watu wanaokurudisha nyuma. Nilizitazama zote kwa uaminifu, mke wangu akinichungulia kwa mlango.

Kisha yakaja mafunzo ya matangazo ya Facebook. Mwalimu anabofya hapa na pale kwenye skrini ambayo haifanani na yangu, kwa sababu alirekodi kabla kampuni haijahamisha vitufe. Mfano wake mkuu ulikuwa chumba cha mazoezi huko Texas kinachotumia dola 50 kwa siku. Dola 50 kwa siku! Kwa mwezi hiyo ni zaidi ya kodi ya duka langu mara kadhaa. Katika kundi la WhatsApp la wanafunzi tulikuwa mamia. Nikiuliza kitu, msaidizi ananijibu: "Swali zuri, rudia video ya 23."

Sasa haki yake nimpe. Somo moja lilinibadilisha: andika bei na mahali ndani ya tangazo lenyewe. Kabla ya hapo nilikuwa naandika "Mapazia safi, njoo inbox kwa bei," kama kila mtu. Nilipoanza kuandika bei ya mita, mtaa duka lilipo, na kwamba tunaleta na kupima dirisha, ujumbe ulipungua lakini walioandika walikuwa wanunuzi. Wale wa "bei gani?" wanaotoweka ukijibu waliisha. Jambo la pili ni kwamba niliimaliza kozi. Ya bure nilikuwa nimeianza mara mbili nikaiacha njiani. Nilipokuwa nimetoa 42,000, nilikaa chini hata siku ambazo usingizi ulinishika. Uchungu wa pesa ulinifunga kitini, na hilo si jambo dogo kwa mtu wa tabia yangu.

Lakini somo lile la bei na mahali nililikuta baadaye, bila kulitafuta, kwenye mafunzo ya bure.

Ya bure, na ya elfu mbili

Google ilitengeneza kozi ya misingi ya kutangaza biashara mtandaoni, sehemu 26, kama saa 40 kwa jumla, bila malipo. HubSpot Academy nayo ni bure, na cheti chake pia. Meta, wenye Facebook na Instagram, wana Blueprint, ambapo masomo ni bure ila mitihani ya vyeti vyao hulipiwa. Kwa matangazo ya Google kuna Skillshop: unasoma bure, unafanya mtihani bure, unapata cheti cha mwaka mmoja. Mwaka ukiisha unarudia mtihani.

Hilo la mwaka mmoja lizingatie. Google wenyewe wanaona ujuzi huu unachakaa kwa miezi 12, ilhali muuzaji wa kozi anakuuzia "video zako maisha yako yote" kama zawadi. Maisha yote ya nini, kama vitufe vinahama kila msimu? Kabla ya kulipa uliza video zilirekodiwa lini, na omba kuonyeshwa moja inayoonyesha skrini ya matangazo. Ilinganishe na simu yako. Dakika tano zinatosha.

Serikali nayo ina Ajira Digital, iliyoanza 2016, na kutangaza biashara mtandaoni ni moja ya mambo yanayofundishwa humo. Kwa kijana aliyemaliza chuo Maseno au Masinde Muliro pale Kakamega ambaye anatafuta kazi ya kufanyia wengine kwa mtandao, nadhani aanzie huko kabla ya kufikiria kulipa mtu yeyote. Kwa shemeji si mahali pake hasa, maana lengo lake ni kumpa mtu kazi za mtandaoni. Yeye kazi anayo, anataka wateja.

Gharama ya bure ipo. Video ya saa moja kwa ubora wa kati hula nusu gigabaiti na kuzidi, kwa hiyo kozi ya saa 40 za video ni gigabaiti 20 na ushei za bando. Shemeji alikuwa na lalamiko jingine: "Hicho ni Kizungu cha puani, Shemeji. Naelewa neno moja, matatu yananipita." Maandishi ya chini ya video yalimsaidia, akisimamisha na kusoma. Lakini ni kweli kwamba kozi ya gharama iliyo kwa Kiswahili, yenye mifano ya Kondele na Gikomba, inauza kitu ambacho Google haina. Kama ile ya elfu 65 ingekuwa hivyo ningeipa alama. Haikuwa. Ukurasa wa kuuzia ulikuwa kwa Kiswahili kitamu, masomo yenyewe kwa Kiingereza.

Katikati kuna kozi zilizorekodiwa za bei nafuu. Udemy huandika bei kubwa lakini hushusha mara kwa mara. Yangu ya mwisho nililipa chini ya elfu mbili, na kozi nyingi pale unaweza kurudisha ndani ya siku 30 ukapata pesa zako. Coursera hulipiwa kwa mwezi, na ina cheti cha Google cha utangazaji na biashara ya mtandaoni kilichoanza 2022. Asiyeweza kulipa anaweza kuandika barua ya kuomba msaada wa ada humohumo. Sina mengi ya kusema juu ya hizi. Ni kama vitabu: nzuri kwa anayesoma.

Macho ya mtu mwingine kwenye akaunti yako

Rafiki yangu wa Nakuru alilipa 60,000 kwa kozi ya moja kwa moja, Jumamosi asubuhi, wiki nane, wanafunzi kumi na wawili tu. Alikuwa tayari anatumia elfu 20 kwa mwezi kwenye matangazo, na simu zilikuwa haziji. Wiki ya tatu mwalimu alimwambia afungue akaunti yake ya matangazo mbele ya darasa zima. Akashuka polepole hadi kwenye ramani, akauliza: "Wewe unafunga mitambo Garissa?" Kumbe miezi mitano matangazo yake yalikuwa yanaonyeshwa Kenya nzima, Mombasa, Garissa, Lodwar, watu ambao hata wakitaka hawezi kuwafikia. Akaibana ramani hadi Nakuru na miji ya karibu. Ananiambia mwezi uliofuata alifunga mitambo kumi na mmoja.

Mimi yangu ilikuwa aibu ya namna hiyohiyo, na niliigundua baada ya kozi ya 42,000 kuisha. Kijana mmoja anayetangazia duka la vifaa vya ujenzi mjini alikuja dukani kununua pazia. Tukaongea, nikampa 1,500 akae nami saa moja. Alichukua simu yangu, akaangalia, akacheka. Nilikuwa nabonyeza kile kitufe cha bluu cha kupandisha posti na kuacha mipangilio ilivyo, kwa hiyo pesa yangu ilikuwa inanunua watu wa kupenda picha. Wapenda picha nilipata wengi sana. Akabadilisha lengo liwe ujumbe wa WhatsApp. Basi. Saa haikuisha, tukamalizia kwa kuzungumzia Gor Mahia.

Hapa ndipo ulinganisho wangu unapoegemea. Makosa yetu wote wawili yalikuwa ya mipangilio, na hakuna video inayoweza kuyaona, iwe ya bure au ya elfu 65, kwa sababu video haikuoni. Kozi ghali ikiwa na mtu atakayefungua akaunti yako, si akaunti ya mfano, na kukuambia wewe umekosea wapi, hapo bei ina kitu cha kusimamia. Ikiwa ni video na kundi la watu mia sita, unalipia kitabu kwa bei ya mwalimu. Na hata kwa rafiki yangu wa Nakuru huwa najiuliza kimoyomoyo kama saa moja ya 1,500 isingeiona ile ramani. Yeye anakataa, anasema Jumamosi nane ndizo zilizomfundisha kuisoma mwenyewe. Labda.

Onyo dogo kwa anayemwita mtu: mpe nafasi ya kusimamia akaunti ya matangazo kupitia mipangilio, au akae kando yako ushike simu mwenyewe. Nywila usimpe mtu, hata awe mtoto wa shangazi.

Kujifunza kwa kutangaza

Njia ya tano ni kuingia majini. Baada ya yule kijana kuondoka niliweka 300 kwa siku, siku kumi, jumla 3,000, nikalipa kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay. Ujumbe ulikuja 47. Walionunua walikuwa 6. Kila mnunuzi aligharimu 500. Seti ya mapazia inanibakishia kama 1,800, kwa hiyo nilitabasamu.

Shemeji aliposikia hivyo alishangilia, mpaka tukaweka namba zake. Mteja wa 500 kwa kiatu chenye faida ya 250 ni hasara ya 250 kwa kila jozi, na kadiri anavyouza zaidi ndivyo anavyozama. Matokeo yaleyale yaliyonifurahisha mimi yangemfilisi yeye. Njia zake ni mbili: apate mteja kwa pesa kidogo zaidi, au mteja huyohuyo arudi mara tatu na nne. Kwa mitumba ya pili ndiyo yenye akili, na kurudi kwa mteja hakuletwi na tangazo. Kunaletwa na orodha ya namba, picha za asubuhi, na kukumbuka kwamba mama fulani huvaa 39 na hapendi visigino. WhatsApp Business ni bure na ina sehemu ya kupanga bidhaa na kuwawekea wateja lebo. Kwake hiyo ilikuwa na thamani kuliko nusu ya ile mitaala ya wiki nane.

Hiki ndicho nilichomchorea nyuma ya karatasi:

| Njia | Inanitoa | Nani anaangalia kazi yangu | Ikinishinda |
|---|---|---|---|
| Kozi ya elfu 65 | 65,000, na matangazo juu yake | Uliza kwanza, hapo ndipo bei ilipo | Soma masharti kabla, si baada |
| Kozi iliyorekodiwa, bei nafuu | Chini ya elfu 2, zikipunguzwa | Hakuna | Udemy: siku 30, nyingi hurudishwa |
| Google, HubSpot, Meta, Ajira | Bando na jioni nyingi | Mtihani tu, ila Ajira ana kwa ana | Nimepoteza jioni |
| Mtu kando yangu | 1,500 kwa saa, nilivyolipa | Yeye | Saa moja |
| Kutangaza na kujifunza | 3,000 za kuanzia | Wateja | 3,000 zimeyeyuka, somo limebaki |

Kumkagua anayeuza

Usiku wa pili tulimfuatilia mwalimu. Meta wana maktaba ya matangazo iliyo wazi kwa mtu yeyote, huhitaji hata kulipa. Unaandika jina la ukurasa, unaona matangazo yote yanayoendelea na tarehe kila moja lilipoanza. Tulikuta 14. Yote 14 yalikuwa yanauza kozi. Hakuna hata moja la kuuza kiatu, nyumba, asali, chochote. Mtu anayesema amejenga biashara tano kwa matangazo ya Facebook, na biashara pekee anayoitangaza Facebook ni kufundisha matangazo ya Facebook. Sisemi ni mwizi. Nasema anachokijua kwa vitendo ni kuuza kozi.

Kisha tukafungua sehemu ya uwazi wa ukurasa, inayoonyesha ukurasa ulifunguliwa lini na majina uliyowahi kubeba. Ulikuwa umebadilishwa jina mara mbili. Jina la kwanza lilikuwa la kutoa mikeka ya mechi za wikendi. Shemeji alinyamaza kidogo, akasema, "Kwa hivyo wafuasi elfu tisini ni wa mpira."

Shuhuda tulizichunguza kwa swali moja. Shemeji alimwandikia mwanamke mmoja kati ya waliosifu kozi: "Dada, nikijiunga kupitia kwako unalipwa?" Alijibu kwa moyo mweupe kwamba ndiyo, anapata kamisheni, na kwamba shemeji akijiunga naye atapewa kiungo chake cha kuuzia kozi. Hapo ndipo unatakiwa kusimama na kusoma tena. Iliwahi kutokea kampuni iliyoitwa MOBE. Mlango wake ulikuwa dola 49 tu, hatua 21 za kuanzisha biashara ya mtandaoni, na ukishaingia unasukumwa kununua uanachama wa maelfu ya dola, mmoja juu ya mwingine. Na biashara yenyewe waliyokuwa wakifundishwa ilikuwa kuwauzia wengine uanachama huohuo. Juni 2018 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki ikisema imechukua zaidi ya dola milioni 125 za watu, na mwaka 2022 ikawarudishia waathiriwa zaidi ya dola milioni 23. Linganisha hizo namba mbili. Kamisheni peke yake si dhambi, hata mimi humpa fundi kitu akiniletea mteja wa mapazia. Lakini kama mwanafunzi aliyefaulu anafaulu kwa kuuza kozi, basi hiyo ndiyo biashara unayonunua, na ujiulize kama unaitaka.

Kuhusu cheti "kinachotambulika kimataifa": uliza kinatambuliwa na nani, kwa jina. Vyuo vya ufundi hapa Kenya husajiliwa na TVETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi, na orodha yake inaweza kuangaliwa. Kwa anayeuza bidhaa zake mwenyewe cheti hakina kazi kabisa. Hakuna mteja wa Kibuye aliyewahi kuuliza cheti kabla ya kujaribu kiatu. Kwa anayetafuta ajira ni habari nyingine, lakini hata huko, cheti cha Google Ads cha bure na akaunti moja uliyoiendesha vizuri, yenye namba za kuonyesha, naviona vina nguvu kuliko karatasi ya mtu binafsi.

Risiti. Shemeji aliuliza muuzaji kama atampa risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA, mamlaka ya kodi. Ni swali la kawaida. Tangu Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na risiti hiyo KRA haikubali kuipunguza kwenye hesabu ya kodi. Muuzaji mwenye kampuni ya kweli analijibu kwa neno moja. Huyu, aliyekuwa anajibu kila kitu ndani ya dakika mbili, aliacha tiki mbili za buluu mpaka leo.

Na kurudishiwa pesa. Iliandikwa "dhamana ya siku 30" kwa herufi kubwa. Chini, kwa herufi za sisimizi: uwe umetazama video zote, umefanya kazi zote, na uonyeshe umetumia angalau dola 300 kwenye matangazo bila faida. Ndani ya siku 30, ilhali kozi ni ya wiki nane. Katiba yetu, Ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidi anachonunua, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inamtaka anayeuza mtandaoni aweke maelezo wazi na akupe nafasi ya kukubali au kukataa kabla hujafungwa. Hayo ni mazuri kuyajua, lakini kuyadai kwa mtu ambaye ofisi yake ni namba ya simu ni safari ndefu. Usitegemee 456 pia. Ule ujumbe wa kurudisha M-Pesa ni wa aliyekosea namba, haukuwekwa kwa aliyejutia kozi.

Walipofikia

Kama ningekuwa rafiki yangu wa Nakuru, mwenye faida ya 9,000 kwa kazi moja na elfu 20 zinazotoka kila mwezi bila kujua zinakwenda wapi, ningelipa kozi ghali, mradi ni ya moja kwa moja, darasa dogo, na mwalimu anafungua akaunti yangu. Mwenye lojingi ya vyumba kumi Kakamega au anayeuza matangi Bungoma yuko karibu na hesabu hiyo. Mtu aliyeajiriwa na mwajiri ndiye anayelipa, aende; hata yale ya fikra za kitajiri ayasikilize. Asiye na kitu cha kuuza bado, anayedhani kozi itamwonyesha cha kuuza, asilipe hata ya elfu tano. Anayetaka kukopa ili alipe sina la kumwambia usiku, aje mchana tuongee.

Shemeji alitoa 6,000 kwenye zile 70,000. 1,500 zikaenda kwa kijana yuleyule, saa moja mezani Kibuye, Jumatano ambapo soko limepoa. 3,000 ni za tangazo moja dogo, la Kisumu tu, linalosema siku anayofungua mzigo. Zilizobaki ni bando. Kila usiku anatazama somo moja la bure akisimamisha kusoma maandishi, na sasa yuko sehemu ya tisa. Picha anapigia kando ya dirisha la jirani anayeuza sufuria, kwenye mwanga, kiatu kimegeuzwa ili soli ionekane, kwa sababu wateja wa mitumba hutazama soli kabla ya kitu kingine chochote.

Wiki jana alituma jozi 31 kupitia WhatsApp. Ngapi zimetokana na tangazo na ngapi ni za wateja wake wa zamani, bado tunabishana, maana hakuna aliyekuwa anaandika mteja ametokea wapi. Nimemnunulia daftari la shilingi 60, lenye mistari mitatu niliyomchorea kwa rula: jina, namba ya kiatu, amesikia wapi.